Soko Mchana, Bendi Jioni: Uchambuzi wa Jumamosi Iliyoharibikia Saa Kumi

Ukumbi unaochambuliwa hapa ni wa mfano. Umeundwa kwa vipimo vya kumbi ndogo za muziki za Nairobi, zile zilizobanwa kati ya barabara ya maduka na nyumba za watu, na kila kiasi cha pesa kitakachotajwa ni hesabu ya mfano. Sheria na tabia za sauti ni za kweli. Makosa nayo ni yale yale yanayojirudia popote soko la mchana na tamasha la jioni yanapolazwa kitanda kimoja.

Ukumbi wenyewe una upana wa mita 10 na urefu wa mita 16, paa la mabati, na jukwaa la mita 5 kwa 4 lililoinuliwa sentimita 60. Watu 220 wakisimama wanaujaza. Mbele yake kuna ua wa mita 18 kwa 24 uliotandikwa kabro, yaani matofali ya zege, na lango moja la upana wa mita 2.4 linalotokea kichochoroni. Umeme ni wa fezi tatu, ampea 60 kila fezi. Ghorofa ya makazi iliyo karibu zaidi iko mita 40 kutoka ukuta wa ua. Lango hilo moja na mita hizo 40 ndivyo vitakavyoamua karibu kila kitu.

Soko tunalolizungumzia si gulio la nyanya. Ni lile soko mbadala: mitumba iliyochaguliwa moja moja kutoka masoko ya Gikomba na Toi, santuri, vitabu vilivyokwisha kusomwa, vijarida vya kurudufu, fulana zilizochapwa kwa mkono, shanga, ngozi, mimea ya vyunguni, nyuzi za gitaa. Nairobi inalijua. Klabu ya K1 ya Parklands ilijulikana kwa soko lake la Jumapili, na baa ya Alchemist ya Westlands ilijenga jina kwa ua wenye vibanda na jukwaa pamoja. Wala muziki wa alasiri si mgeni Afrika Mashariki: bendi za dansi za Dar es Salaam zimepiga "bonanza" la Jumapili kwa miaka mingi, la Leaders Club, Kinondoni, likiwa miongoni mwa yaliyovuma.

Wenye kumbi wengi huanzisha soko wakipigia hesabu ada ya meza. Hesabu hiyo, kama tutakavyoona, haina mafuta. Faida kubwa ya soko ni kwamba linaleta watu mapema, na kwa ukumbi ulio mita 40 kutoka vitanda vya majirani, mapema ndiyo mali.

Kwa nini mapema ni mali

Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele, za mwaka 2009, zinagawa siku mara mbili. Mchana ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na usiku ni saa zinazobaki. Eneo la makazi yaliyochanganyika na biashara na sehemu za burudani linaruhusiwa desibeli 55 mchana na 35 usiku, zikipimwa kwa wastani wa muda, si kwa mpigo mmoja. Desibeli 35 ni kimya cha chumba cha kulala. Gari moja likipita kichochoroni limeshazivuka. Kwa hiyo, baada ya saa mbili usiku, ukumbi wowote wa muziki ulio karibu na nyumba unaishi kwa hisani ya majirani, na hisani hiyo huisha siku mmoja wao anapoandika barua. Novemba 2022 serikali ya Kaunti ya Nairobi, chini ya Gavana Johnson Sakaja, ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika maeneo ya makazi. Waliokuwa wakitegemea hisani waligundua ilikuwa nyembamba kiasi gani.

Tofauti kati ya 55 na 35 ni desibeli 20, na desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ishirini ni mara 100 ya nguvu ya sauti. Bendi inayomaliza saa mbili kasoro dakika moja ina nafasi mara mia kuliko ile inayoanza dakika mbili baadaye.

Kuna na sheria ya vileo. Sheria ya mwaka 2010 iliziwekea baa za kawaida saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na saa nane mchana hadi saa tano usiku mwishoni mwa wiki na sikukuu. Ukumbi unaofunguka saa mbili usiku Jumamosi unatupa saa sita za mauzo halali, kisha unajaribu kuzifidia katika saa tatu ambazo kelele zake ndizo zinazolalamikiwa zaidi.

Tatizo ni kwamba hadhira ya Nairobi haiji mapema kwa kuambiwa. Bango likisema saa moja, watu huja saa tatu. Soko ndilo linalowafanya wawe tayari ndani ya ua kabla hawajaanza kufikiria kuchelewa.

Jumamosi ya kwanza

Mpango ulikuwa huu: soko saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, kujaribu mitambo ya sauti kuanzia saa kumi, lango la tamasha saa kumi na mbili, bendi nne kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Meza ziliuzwa kwa aliyewahi kulipa, zikafika 34. Karibu nusu yake zilikuwa za mitumba.

Saa tisa, swichi ya umeme wa ua ilianguka, yaani ilijikata yenyewe. Ilirudishwa, ikaanguka tena. Msaidizi mmoja akavuta ekstensheni kutoka soketi za jukwaani hadi kwenye vikaango vya chipsi, na kwa muda ikaonekana ametatua. Saa kumi bendi kuu ilianza kupima ngoma. Ngoma kamili ikipigwa kwa nguvu husikika karibu desibeli 100 umbali wa mita moja. Wauzaji waliokuwa karibu na milango ya ukumbi wakawa hawawezi kutaja bei, na wateja wakasogea kuelekea lango. Fundi akaombwa anyamaze. Akanyamaza, na bendi tatu zikabaki hazijajaribiwa.

Saa kumi na mbili soko lilipofungwa, waliokuja kwa tamasha walikuwa wanafika na wauzaji walikuwa wanatoka, lango lile lile. Walinzi wakaambiwa wamtoe kila mtu uani ili tikiti zikaguliwe upya. Dakika kumi baadaye, fundi akijaribu maiki, soketi za jukwaa zilikatika na miksa ya kidijitali, ile meza ya kuchanganyia sauti, ikazimika. Mipangilio ya bendi kuu haikuwa imehifadhiwa.

Bendi ya kwanza ilipanda saa mbili na robo badala ya saa moja, na ya mwisho ikashuka saa tano na robo, dakika 15 baada ya saa ya baa. Asubuhi yake ghorofani waliandika barua.

Kilichovunjika, na kwa nini

Lango ndilo la kwanza. Kati ya wauzaji 34, tuseme 20 wana gari, Probox au teksi. Kichochoro kinaruhusu magari mawili kupakia kwa wakati mmoja, na kupakia huchukua kama dakika nane. Magari 20 kwa mawili mawili ni zamu kumi, yaani dakika 80. Soko likifungwa saa kumi na mbili, gari la mwisho linaondoka saa moja na dakika 20, hata kama kila muuzaji ni mwepesi kama kipanga. Hakuna mlinzi anayeweza kuishinda hesabu hiyo kwa kupiga kelele. Ratiba ilikuwa imekufa tangu ilipoandikwa.

Kuwatoa watu uani kulizidisha ubaya. Mtu aliyekwisha kaa, ana kikombe mkononi na marafiki watatu, ukimpeleka kichochoroni humuuzii tikiti. Unampa nafasi ya kufikiria kwenda nyumbani. Kosa lilikuwa kukagua tikiti langoni. Ukaguzi ungefanywa kwenye mlango wa ukumbi, ua ungebaki wazi kwa wote na lango lingekuwa njia tu.

Umeme unahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu watu huulaumu bure. Ua wote ulikuwa kwenye swichi moja ya ampea 32. Kwa volti 240, hiyo ni kilowati 7.7. Vikaango viwili vya umeme vya kilowati 3, birika la kilowati 2 na jiko la sahani la kilowati 1.5 ni kilowati 9.5, karibu ampea 40. Swichi ya namna hii ikizidiwa kidogo haianguki papo hapo. Hupata joto polepole, ndiyo maana mambo yalikwenda vizuri saa sita na kuharibika saa tisa. Inapoanguka mara ya pili haijaharibika. Imekupa taarifa. Msaidizi aliihamisha ile taarifa hadi jukwaani, ambako soketi zilikuwa na ampea 32 nyingine zikilisha amplifaya, taa na miksa. Vikaango vilipasha swichi ya jukwaa alasiri nzima, na amplifaya zilipoanza kufanya kazi ikaanguka.

Ekstensheni yenyewe ni hatari ya pili. Waya uliozungushwa kwenye kigurudumu chake ukipitisha ampea nyingi bila kufunguliwa wote hupata joto hadi ganda linayeyuka. Waya wa kulisha kikaango ufunguliwe wote, uwe wa milimita za mraba 2.5, na upite juu ya vichwa au chini ya mfuniko wa mpira, kamwe usivuke kabro mahali maji ya kuosha vyombo yanapotiririka. Na ua mzima uwe nyuma ya swichi ya kinga ya miliampea 30, ile inayokata umeme mtu anaposhikwa nao.

Kuhusu mitambo, hakuna namna bendi na soko vinaweza kutumia alasiri moja. Si suala la heshima wala maelewano. Muuzaji anayeuza koti kwa shilingi 1,200 anahitaji kusikia mteja akisema mia nane.

Mitumba kujaa nusu ya soko kulionekana kama bahati, kwani wao hulipa haraka. Lakini wauzaji kumi na sita wa bidhaa moja katika ua wa mita 18 hukatana bei hadi saa nane, na saa tisa wanaanza kufunga mizigo mmoja mmoja. Meza tupu katikati ya soko ni kama jino lililong'oka. Kila anayeingia huiona kwanza.

Ua ulivyopangwa upya

Vipimo vya hema za kukodi ni mita 3 kwa 3. Kando mbili ndefu za ua, za mita 24, kila moja inapokea hema saba: mita 21, na mita 3 zinabaki wazi kwa kupita. Hiyo ni hema 14. Zikishawekwa, katikati kunabaki upana wa mita 12. Kishawishi ni kutia hema nyingine hapo. Kisiwa cha hema zilizopeana migongo kina upana wa mita 6, kikiacha njia za mita 3 kila upande, na njia hizo zikishajaa watu wawili wanaotazama meza na mmoja mwenye kigari cha mtoto, hakuna anayepita. Gari la zimamoto ndilo kabisa.

Badala yake kisiwa kiliwekwa meza zisizo na hema, za mita 1.8 kwa sentimita 75, safu mbili zikipeana migongo, na mita 1.2 kwa kila muuzaji kusimama nyuma ya meza yake. Kisiwa kinakuwa na upana wa mita 3.9, na njia kila upande ni zaidi ya mita 4. Kila safu ina meza sita zilizokatwa katikati na pengo la mita moja na nusu. Jumla ni sehemu 26, si 34.

Kabro haipokei vigingi. Hema inayosimama juu ya kabro bila uzito ni mwavuli mkubwa unaongoja upepo, kwa hiyo kila mguu ulifungwa mfuko wa mchanga wa kilo 15 hadi 20. Wenye hema za kukodi huahidi mifuko na huisahau. Ihesabiwe kabla gari lao halijaondoka: hema 14 ni miguu 56.

Nafasi ziligawanywa kwa bidhaa kabla ya kuuzwa: mitumba 6, santuri na vitabu 4, kazi za mikono 6, fulana na picha za kuchapwa 4, vifaa vya muziki 2, chakula 4. Kila muuzaji huweka amana ya shilingi 500 inayorudishwa saa ya kufunga, wala si kabla. Amana hiyo ndogo imezuia meno mengi kung'oka.

Chakula kilihamishwa kutoka umeme kwenda gesi, mitungi ya kilo 6, mmoja kwa kila meza, hema za chakula zikiwa upande wa lango mbali na milango ya ukumbi, kila moja na kizima moto chake na blanketi la kuzimia mafuta. Maji hayamwagwi kwenye mafuta yanayowaka, na hilo liambiwe kila mpishi mpya hata akikasirika. Ua ulibakiwa na taa, blenda moja na chaji za simu. Fezi zikagawanywa: moja ya mitambo ya sauti peke yake, moja ya taa za jukwaa na friji za baa, moja ya ua na jikoni. Friji na mitambo ya sauti zikikaa fezi moja, kila friji inapowaka spika hutoa "tap" ambayo fundi ataitafuta usiku kucha kwenye waya za gitaa.

Wauzaji wa chakula hawauzi soda wala bia. Kahawa na juisi ya matunda wameruhusiwa. Tutaona sababu kwenye hesabu.

Ratiba

Wauzaji huingia kuanzia saa mbili asubuhi, magari mawili mawili, kila gari dakika kumi kwa saa aliyopewa. Wenye magari wakiwa 16, wote wamemaliza saa tatu na dakika 20. Mitambo hujaribiwa kuanzia saa tatu, wakati uani hakuna mteja wa kusumbuliwa: bendi kuu kwanza, dakika 45; ya pili, dakika 25; ya ufunguzi mwishoni, dakika 20. Mpangilio wa kinyume una sababu. Anayejaribu mwisho ndiye anayepiga kwanza, na vitu vyake vinabaki jukwaani kama alivyoviacha.

Mafanikio ya asubuhi hiyo yanategemea mambo matatu. Ngoma na amplifaya ya besi ni za ukumbi na hutumiwa na wote. Mpiga ngoma huja na snea (ile ngoma ndogo ya kati), matasa na pedali yake tu. Nafasi ya kila kitu huwekewa alama ya utepe sakafuni, rangi moja kwa kila bendi. Na mipangilio ya kila bendi huhifadhiwa ndani ya miksa na kwenye kijiti cha USB, mara tu wimbo wa mwisho wa majaribio unapokwisha. Wanamuziki huchukia asubuhi, na wana haki. Chai, mayai na nauli ni gharama ndogo kuliko saa moja ya kuchelewa.

Soko hufunguliwa saa tano na kufungwa saa kumi na moja jioni. Bendi ya nne iliondolewa jukwaani, na pesa yake ikampa mwanamuziki mmoja wa gitaa kavu, lile lisilo la umeme, kupiga uani saa saba na saa tisa, kupitia spika moja ndogo. Hesabu yake ni rahisi: nje, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Spika inayotoa 75 umbali wa mita 5 hufika 55 umbali wa mita 50. Bendi kamili inayotoa 95 umbali wa mita 10 hufika 55 umbali wa kilomita moja, kama hakuna kizuizi. Ndiyo sababu gitaa kavu linakaa uani na bendi haikai, hata watu wakiomba vipi.

Baada ya saa kumi na moja magari hayaingii. Mizigo hutoka kwa mikokoteni miwili ya mkono hadi mwisho wa kichochoro, na asiyetaka haraka huacha mali yake stoo hadi Jumapili asubuhi, hema zinapong'olewa. Meza za chakula hubaki, na meza nne za santuri na vitabu huhamia ukutani mwa ukumbi, kwa sababu mnunuzi wao ni yule anayekuja kusikiliza bendi. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo taa za ua huwashwa saa kumi na mbili kamili. Watu wakifunga mizigo gizani ndipo simu hupotea.

Bendi ya kwanza hupanda saa kumi na moja na nusu, dakika 35. Robo saa ya kubadilisha. Ya pili saa kumi na mbili na dakika 20, dakika 40. Robo saa nyingine. Bendi kuu saa moja na robo hadi saa mbili kamili. Baada ya hapo ni santuri kwa sauti ya mazungumzo, baa, na chakula hadi saa nne.

Bendi kuu hukataa ratiba hii mara ya kwanza. Kupanda saa moja na robo huonekana kama kushushwa cheo. Maneno hayatoshi. Mkataba uandikwe saa ya kupanda na saa ya kushuka, nusu ya malipo itolewe wanapofika kujaribu mitambo na nusu wanaposhuka jukwaani, na isemwe wazi kwamba atakayechelewa atapunguziwa nyimbo, hataongezewa muda. Wakishaona watu 150 wamesimama mbele yao saa moja na robo, mjadala hupoa.

Besi

Majirani hulalamikia mdundo. Gitaa na mwimbaji hawasikiki sana ghorofani; besi ndiyo inayotikisa dirisha. Ubaya ni kwamba kipimo cha kawaida cha desibeli, kile cha herufi A kinachotumika kisheria, hupunguza uzito wa sauti nzito, kwa hiyo kifaa cha kupimia kinaweza kuonyesha nambari nzuri huku mtoto ghorofani amekaa kitandani. Pima kwa A kwa ajili ya sheria na kwa C, kipimo kinachohesabu besi zaidi, kwa ajili ya ujirani, ukutani mwa ua na si karibu na miksa. Programu za simu ni za kukisia tu.

Mablanketi na katoni za mayai ukutani hupunguza mwangwi ndani ya ukumbi. Havizuii besi hata kidogo. Kinachozuia besi ni uzito: madirisha yaliyojengwa kwa matofali, dari ya jipsamu tabaka mbili chini ya mabati ikiwa na pamba ya madini juu yake, na milango miwili yenye kijia kati yake, ili mmoja ufungwe mwingine unapofunguliwa. Kwa ukumbi usio na pesa za dari, nafuu ya kwanza ni kuondoa spika za besi kwenye ukuta unaotazama ghorofa, kukata masafa yaliyo chini ya hezi 45, na kuweka kikomo cha desibeli 95 kwenye meza ya miksa. Fundi wa nje asipokubali kikomo, asikodiwe.

Hesabu

Hema 10 za bidhaa kwa shilingi 2,000, meza 12 kwa 1,000, hema 4 za chakula kwa 3,500: jumla 46,000. Matumizi ya soko: kukodi hema 14 kwa 1,200 ni 16,800, meza 26 kwa 200 ni 5,200, walinzi wawili 3,000, usafi 3,000, msimamizi wa soko 8,000, vyoo na maji 3,000. Jumla 39,000. Soko lenyewe limebakiza 7,000.

Tamasha: tikiti 45 zilizouzwa uani mchana kwa 500 ni 22,500, na 115 mlangoni kwa 700 ni 80,500. Jumla 103,000. Wanamuziki 53,000, fundi na msaidizi 12,000, vifaa vya kukodi 10,000, walinzi wanne 8,000, wakagua tikiti 3,000, matangazo 6,000, mafuta ya jenereta 4,000, sehemu ya leseni 5,000. Jumla 101,000. Tamasha limebakiza 2,000.

Shilingi 9,000 kwa siku nzima ya kazi. Pesa iko baa. Watu 300 mchana wakitumia wastani wa 250 kwenye vinywaji na jiko la ukumbi ni 75,000, na kwa faida ghafi ya asilimia 40 ni 30,000. Usiku, watu 160 kwa wastani wa 400 ni 64,000, faida 25,600. Ukiruhusu hema nne za chakula kuuza soda, umeuza zile 30,000 kwa ada ya 14,000.

Ila baa na watoto havikai pamoja, na soko la mchana lina familia. Baa ilibaki ndani ya ukumbi, uani hakuuzwi pombe, na aliyetimiza miaka 18 huvalishwa bangili ya karatasi mlangoni. Bangili za tikiti ni za rangi nyingine, na rangi hubadilika kila Jumamosi. Malipo ya M-Pesa yathibitishwe kwenye simu ya ukumbi, kamwe si kwa kusoma ujumbe kwenye simu ya mteja; jumbe za kughushi huja zaidi saa moja jioni, foleni ikiwa ndefu na mkaguzi amechoka. Leseni za muziki nazo: kabla ya kulipa MCSK, KAMP au PRISK, vyama vinavyokusanya mirabaha ya muziki, angalia ni chama kipi kina idhini ya KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, mwaka huo, kwani idhini hutolewa kwa muda, na risiti ya chama kisicho na idhini haikukingi na mkaguzi.

Mvua

Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, mpango huu wote unategemea anga. Hema za mita 3 hubeba maji yakituama juu, na fremu hupinda kabla hazijavuja. Mtu mmoja azungukie hema zote na mti wa ufagio kila robo saa kusukuma maji. Uamuzi hufanywa Ijumaa saa tisa alasiri. Ikiwa mawingu ni ya siku nzima, hema zinafutwa, meza 12 zinaingia ukumbini kando ya kuta, majaribio ya mitambo yanaanza saa moja asubuhi ili yaishe kabla meza hazijapangwa, na soko linafungwa saa kumi badala ya saa kumi na moja, kwa sababu sasa ukumbi wenyewe ndio unaofagiliwa. Amana za wengine wote zinarudishwa Ijumaa hiyo hiyo jioni. Saa ya bendi haibadiliki.